Wanafunzi wanaficha rula chini ya meza kwenye kipindi cha frihendi, nifanyeje?

"Shikamoo mwalimu. Mi ni mwalimu mpya, nafundisha uchoraji wa ufundi kidato cha kwanza na cha pili, shule ya kata iliyoingizwa kwenye mkondo wa amali. Darasa lina wanafunzi 64, mbao za kuchorea ziko 18 tu na tiskwea (zile rula ndefu za umbo la T) nyingine zimepinda. Nikaona nianze na frihendi, kuchora kwa mkono mtupu, maana haihitaji vifaa, lakini imenishinda. Wanachora mistari yenye manyoya, wanafuta mpaka karatasi inatoboka, boksi la isometriki (lile linaloonyesha pande tatu kwa pamoja) linaonekana kama limekanyagwa, duara linakuwa kiazi. Wengine nimewakamata na rula chini ya meza, wanapiga mstari kwa rula afu wanapita juu yake mkono ukitetemeka makusudi ili ionekane frihendi. Mkuu wa idara ananiambia niachane nayo niende kwenye vifaa, eti frihendi ni ya wenye kipaji na siku hizi kuna kompyuta. Wasichana wawili wameshasema wanataka kuhama somo. Je, niruhusu rula? Nitumie karatasi za vijumba? Au niiache mpaka wakomae?"

Marahaba mwalimu, na pole na kazi. Hongera pia kwa kuanza na frihendi, hata kama uhaba wa mbao ndo ulikusukuma, maana ulichofanya ni sahihi.

Nimesoma swali lako mara mbili. Ukiondoa habari ya mbao na rula, kinachokusumbua hasa ni kama hawa watoto wanafundishika. Wanafundishika, wote 64. Ila kuna kitu kimerukwa, na hujakiruka wewe peke yako, shule nyingi wanakiruka: mwanafunzi ananyang'anywa rula bila kupewa kitu kingine cha kupimia. Anaambiwa chora boksi kwa mkono, basi. Sasa huyu mtoto tangu darasa la kwanza ameambiwa mstari bila rula ni uchafu, kwenye hesabu kakatwa maksi kwa hilo hilo, leo unamwambia rula aweke pembeni, lazima ataificha chini ya meza. Mi siuiti udanganyifu huo, ni woga, na woga hautibiwi kwa adhabu.

Frihendi sio kuchora bila vipimo. Hili ndo la kwanza ningekuomba ulisahihishe darasani, ikibidi uliandike ubaoni kabisa. Frihendi ni kuchora bila vifaa, kipimo kiko palepale, kimehama tu kutoka kwenye rula kwenda kwenye jicho. Boksi ambalo urefu wake ni mara mbili ya upana lazima kwenye frihendi lionekane mara mbili, sio mara tatu. Mstari ukiyumba kidogo hamna shida, ila ukielekea kusikotakiwa mchoro wote umeharibika. Uwiano na mwelekeo vinatangulia, ulaini wa mstari unakuja baadaye tena unakuja wenyewe. Wanafunzi wengi wanafanya kinyume, wanahangaika mstari unyooke kama wa rula wakati boksi lenyewe uwiano haupo.

Kama unataka kuona frihendi halisi nenda siku moja kwa fundi wa kuchomelea mageti ukae nusu saa tu. Mteja anakuja anaeleza kwa mikono, geti la milango miwili, kamlango ka kupitia watu ubavuni, juu liwe na maua. Fundi anainama, anachukua chaki anachora sakafuni, mistari kama nane au tisa hivi, anaandika futi kumi hapa, saba hapa, mteja anasema hapana kamlango kakae kushoto, fundi anafuta kwa kiganja anachora tena, palepale wanahesabu zitaenda skwea paipu ngapi na wanapatana bei. Ile mistari haijanyooka, lakini ukitazama uwiano wake hauko mbali na geti litakalotoka. Ni mchoro wa kufikiria na kuelewana kabla chuma hakijakatwa. Mi huwa nawapeleka wanafunzi wakaone hilo kabla hawajashika penseli, na wakirudi hawaulizi tena kwanini tunachora bila rula.

Sasa kipaji. Mkuu wako wa idara hajalitoa hewani, ni imani ya siku nyingi na kwa huku kwetu iliwahi kuvishwa mpaka vazi la sayansi. Mwaka 1960 mtafiti William Hudson alichapisha majaribio ya Afrika Kusini, alikuwa anaonyesha watu picha ya mwindaji, swala, na tembo aliyechorwa mdogo kuonyesha yuko mbali, afu anauliza nani yuko karibu na mwindaji. Wengi ambao hawakuwa wamezoea picha waliisoma kana kwamba wote wako mstari mmoja, na hapo yakazaliwa maneno mengi kwamba Mwafrika haoni kina kwenye picha. Waliokuja baadaye wakaonyesha kwamba picha zenyewe zilikuwa na utata, na kwamba kusoma picha ni kama kusoma maandishi, kuna kanuni zake na mtu anajifunza. Wanao hawana jicho bovu, ni kwamba hakuna aliyewahi kuwafundisha hizo kanuni.

Na uwezo wa kuzungusha umbo kichwani nao unafundishika, hilo limepimwa. Chuo cha Michigan Tech kule Marekani, Sheryl Sorby na mwenzake Beverly Baartmans walianzisha mwaka 1993 kozi ya wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza walioanguka jaribio la kuzungusha maumbo. Wakawapa michemraba midogo ya kuunganisha na mazoezi mengi ya kuchora kwa mkono, na alama zao zikapanda. Wasichana ndo walikuwa wanaanguka zaidi lile jaribio la mwanzo, na Sorby mwenyewe ameeleza kwamba alipokuwa mwanafunzi somo la michoro lilimtesa sana. Tena mwaka 2013 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 217 za mafunzo ya aina hii, na jibu lake lilikuwa kwamba uwezo huu unakua kwa mazoezi, kwa watoto na kwa wakubwa. Waambie hivyo wale wasichana wawili. Usiwaambie kwa kuwabembeleza, waambie kama taarifa.

Tuje kwenye mkono wenyewe, maana hayo manyoya kwenye mistari yana sababu ya kimwili kabisa. Ukiegemeza kiganja mezani ukachora kwa kuzungusha kifundo cha mkono, ncha ya penseli inatoa tao, haitoi mstari, kwa sababu kifundo kinakuwa kama ile sindano ya bikari. Vidole vinaweza kunyoosha sentimita mbili tatu hivi, zaidi ya hapo tao linaanza kuonekana. Mwanafunzi analihisi hilo hata kama hawezi kulieleza, ndo maana anachora kwa vipande vidogovidogo, kila kipande kinajaribu kurekebisha kilichotangulia. Dawa ni kuupeleka mzunguko mbali, kwenye kiwiko au begani. Tao la bega ni kubwa kiasi kwamba kwenye urefu wa sentimita 10 au 15 hutaona tofauti yake na mstari ulionyooka. Kwa iyo kiganja kinyanyuke, mkono utembee wote, kidole kidogo tu ndo kiteleze juu ya karatasi.

Afu macho. Watie nukta mbili, waweke penseli kwenye nukta ya kwanza, macho yaende nukta ya pili na yabaki hukohuko. Mkono upite hewani mara mbili bila kugusa karatasi, mara ya tatu ushuke. Ukitazama ncha ya penseli mkono unasitasita, ukitazama unakokwenda mkono unakwenda, ni kama baiskeli, anayelikodolea macho shimo ndo anaingia shimoni. Na karatasi isibandikwe. Hili linasahaulika sana kwa sababu kwenye ubao tumezoea kuibandika isisogee, lakini kwenye frihendi karatasi inatakiwa izunguke, kila mtu ana upande mmoja ambao mkono wake unachora vizuri zaidi basi ageuze karatasi auelekeze mstari upande huo. Mwenye mkono wa kushoto atavuta kutoka kulia, mwache, usimbadilishe.

Penseli iwe HB au B, zile laini. Ile 2H ngumu ya kwenye vifaa inachimba karatasi na ukifuta mfereji unabaki. Ichongwe kwa wembe ncha iwe ndefu kidogo, aishike nyuma kama sentimita nne kutoka kwenye ncha, apite hafifu kwanza kiasi kwamba wewe uliyesimama mbele ya darasa huoni mistari yake, umbo likishakaa ndo akoleze. Dakika tano za mwanzo wa kila kipindi ziwe za mistari tu, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, hakuna kusahihisha wala kukusanya. Wiki mbili za dakika tano tano zinatosha kuona tofauti, nasema hivi kwa sababu nimezifanya miaka mingi na madarasa makubwa kuliko hilo lako.

Hiyo ni mistari. Kazi kubwa iko kwenye umbo, na hapo nakuomba ununue mche mmoja wa sabuni ya kufulia.

Ukate vipande vya urefu wa kama kiberiti viwili vikiunganishwa, kila kikundi cha wanafunzi wanne kipande kimoja. Kwa kisu chembamba au waya mwembamba vikate maumbo: kimoja kikatwe ngazi, kingine kitiwe mfereji katikati, kingine kikatwe mteremko upande mmoja. Sabuni inakatika safi, kona zake zinaonekana, haivunjiki kama udongo mkavu, na mwisho wa wiki wanafulia sare kwa iyo hamna atakayekuuliza habari ya gharama. Waiweke mezani kona moja ikiwatazama. Na usiseme chora. Uliza kwanza: kimo kinaingia mara ngapi kwenye urefu? Wanyooshe mkono na penseli mbele, wafumbe jicho moja, kidole gumba kiteleze mpaka kipate kimo, afu wahamishie kwenye urefu wahesabu. Kiwiko lazima kikazwe kinyooke, kwa sababu penseli ikisogea karibu na jicho kipimo kinabadilika na hesabu yote inaharibika. Utasikia kelele darasani, moja na nusu, hapana mbili, hapana mbili kasoro, waache wabishane, hapo ndo wanajifunza kupima kwa jicho. Usahihi wa kupima kwa penseli sio wa milimita, ni wa kuona kipi ni kikubwa kuliko kipi na kwa kiasi gani.

Kisha boksi. Isometriki ni mistari mitatu kutoka kona moja, mmoja wima, miwili ikipanda kulia na kushoto kwa nyuzi 30. Nyuzi 30 wanaipataje bila setiskwea? Kwenye daftari la vijumba aende vijumba saba kulia apande vinne, aunganishe, ile ni nyuzi 30 kasoro kidogo sana, hakuna jicho litakaloona tofauti. Afanye hivyo mara kumi kwenye vijumba mpaka jicho lishike, baada ya hapo kwenye karatasi tupu agawe pembe mraba sehemu tatu sawa kwa kukadiria.

Mi huwa nawaambia kwamba kwenye boksi la isometriki kuna koo tatu tu za mistari. Ukoo wa wima, ukoo wa kwenda kulia, ukoo wa kwenda kushoto, na ndugu wa ukoo mmoja wanakwenda sambamba siku zote. Kabla hujaweka mstari jiulize ni wa ukoo gani, afu mtazame ndugu yake aliyekwisha chorwa. Ukichukua yale maboksi yako yaliyokanyagwa ukayaangalia kwa utulivu naamini utakuta mengi kosa ni hilohilo, mistari ya nyuma haijafuata ya mbele, au wima imelala kidogo. Sasa mteremko je? Ule mstari wa mteremko kwenye sabuni hauna ukoo, na hapa ndo wanafunzi wazuri nao wanaanguka kwa sababu wanaukadiria pembe yake. Usikadirie. Tafuta unapoanzia na unapoishia kwenye mistari yenye ukoo, tia nukta mbili, unganisha. Ukiwafundisha hili moja tu umewaokoa na makosa ya miaka minne.

Na siku zote waanze na boksi zima, sabuni kabla haijakatwa, wakate kwenye karatasi kama kisu kilivyokata. Anayeanza na ngazi moja kwa moja anapotea njiani. Isometriki yenyewe ilipata nguvu kwa shida ya namna hii hii ya kufundisha: William Farish, profesa pale Cambridge, alikuwa anafundisha kwa modeli za mashine ambazo zinafumuliwa na kuundwa upya kwa kila somo, akahitaji michoro ambayo wasaidizi wake wataiangalia na kuunganisha vipande bila yeye kuwepo, na mwaka 1822 akachapisha maelezo ya njia yake. Kwa iyo ukiwapa sabuni na kuwaambia wachore kiasi kwamba darasa lingine liweze kukata sabuni kama ile, unawapa kazi ileile.

Sabuni ina faida nyingine wakifika kwenye mionekano mitatu, yaani wa mbele, wa ubavu na wa juu. Mwanafunzi ailaze juu ya karatasi uso wa mbele ukitazama juu, achore muonekano huo. Afu aibiringishe kwenda kulia mara moja. Uso uliotokea juu sasa ni ubavu wa kushoto, na umetokea upande wa kulia wa mchoro, achore hapohapo. Airudishe, aibiringishe kuja kwake, uso uliotokea ni wa juu na umeangukia chini ya muonekano wa mbele. Hiyo ndo festi engo, ile kanuni ya kupanga mionekano ambayo wanaikariri kwa mateso bila kujua kwanini ubavu wa kushoto unachorwa kulia. Dakika kumi, na hawasahau.

Duara la kiazi nalo. Duara la kawaida ni rahisi: kidole kidogo kiwe sindano ya bikari, penseli ishikwe imara isisogee, mkono wa pili uzungushe karatasi chini yake. Linatoka duara ambalo wenyewe hawaamini. Shida iko kwenye duara lililolala, elipsi, kama mdomo wa kopo. Hapa jicho linapigana na akili. Mwanafunzi anajua kopo limekaa mezani na meza ni bapa, kwa iyo juu anachora elipsi na chini anapiga mstari ulionyooka. Usibishane naye kwa maneno. Chukua chupa ya maji ya plastiki inayopitisha mwanga, weka maji nusu yenye rangi kidogo, inyanyue mpaka usawa wa macho yake. Uso wa maji unakuwa mstari. Ishushe polepole, ule mstari unafunguka unakuwa elipsi nyembamba, ukizidi kushusha inazidi kunenepa. Mwenyewe ataona kwamba kitako cha chupa kilichoko chini zaidi kimefunguka kuliko uso wa maji, sasa kitakuwaje mstari? Kwenye isometriki tunachukulia zote zinalingana, lakini hata hapo chini ni tao.

Kwa kuichora, chora kwanza mraba uliolala, pande zake zikifuata koo mbili za isometriki, tia nukta katikati ya kila upande, elipsi inagusa nukta zote nne. Kwenye zile kona mbili pana tao linapita taratibu, kwenye kona mbili kali linakata kwa nguvu. Na urefu wa elipsi siku zote unakuwa pembe mraba na ekseli, yaani kama kitu ni tairi fikiria ekseli imepita katikati, elipsi inalala kuikata ekseli ile pembe mraba. Kwenye isometriki urefu ni kama mara 1.7 ya upana wake. Wakilijua hilo la ekseli viazi vinapungua sana.

Nati waachie kidato cha pili, ila wakifika waonyeshe kwamba hata yenyewe ni uwiano tu: kwenye mchoro kona hadi kona tunachukua kama mara mbili ya kipenyo cha bolti, na ukiitazama kwa mbele zinaonekana nyuso tatu, ya katikati pana mara mbili ya zile za pembeni. Bila rula kabisa inatoka nati ambayo fundi ataitambua.

Sasa maswali yako matatu. Karatasi za vijumba, ndio, lakini kwa muda. Faida yake ni kwamba mwanafunzi anaonja ushindi mapema, na kwa darasa la 64 hilo sio dogo. Hasara ni kwamba mkono unafuata mistari na jicho linalala, ukimwondolea baada ya mwaka mzima anarudi sifuri. Njia ninayoipenda ni kuchora wewe mwenyewe kwa setiskwea karatasi moja ya isometriki yenye mistari iliyokolezwa ya kila sentimita moja, toa kopi, waiweke chini ya karatasi nyembamba waone kwa ndani. Wiki tatu waitumie, wiki ya nne waitoe katikati ya mchoro mmoja, nusu wachore nayo nusu bila. Gharama ni kopi 64 ambazo zinatumika mwaka mzima.

Rula usiruhusu wakati wa kuchora, ila iruhusu baada. Mtu akimaliza achukue rula apime mwenyewe kama ile mara mbili aliyokadiria ni mbili kweli, aandike pembeni amekosea kwa kiasi gani. Hapo haina haja tena ya kukaa chini ya meza. Na yule uliyemkamata anatetemesha mkono, mwite taratibu umwambie huo mtetemeko unaonekana, kwa sababu mstari wa frihendi ya kweli unapinda mara moja kwa mbali, hautetemeki kila milimita. Usimpe sifuri, mpe nukta mbili achore mbele yako kwa bega.

Raba zikusanye mwanzo wa kipindi uzirudishe dakika 20 za mwisho. Mstari uliokosewa ubaki hafifu palepale, ulio sahihi uwekwe pembeni yake, kwa sababu ule uliokosewa ndo unaomwonyesha aende kiasi gani. Akiufuta anaanza upya gizani, na ndo hapo karatasi inatoboka.

Kuiacha mpaka wakomae, hapana. Ila mkuu wako ana hoja moja na uipokee: kwenye mtihani vifaa vitakuwepo na mbao 18 haziwezi kukaa kabatini. Basi gawanya darasa. Wanafunzi 18 wakae kwenye mbao, 46 wachore frihendi sabuni ileile, kipindi kinachofuata mbadilishane, raundi nne kila mtu ameshafika kwenye ubao. Atakayefika ubaoni na skechi yake mkononi hatapoteza nusu kipindi akijiuliza aanzie wapi, na mkuu akiona mbao zinazunguka haraka ataelewa bila mabishano. Kuhusu kompyuta, ni kweli imeshaondoa tiskwea kwenye ofisi nyingi, lakini skechi haijaondoka, maana mtu anayefungua programu bila kujua anachotaka kuchora anakaa tu anatazama skrini.

Kwenye kusahihisha usijiue. Kati ya maksi kumi toa nne kwa uwiano, tatu kwa koo za mistari kuwa sambamba, mbili kwa umbo kukamilika, moja tu kwa uzuri wa mstari, na waambie mgawanyo huo kabla. Siku nyingine usisahihishe kabisa, panga sabuni tatu zinazofanana mezani, kila mtu achore moja bila kusema ipi, wabadilishane karatasi na jirani aonyeshe ni sabuni gani. Akiitambua, mchoro umefanya kazi yake.

Kuna mambo ambayo ushauri wa kuandikiana hauwezi kuyatatua. Mwanafunzi anayeinamia karatasi mpaka pua inakaribia kugusa, anayekunja macho kutazama ubao au anayelalamika kichwa kila akichora, ongea na mzazi apelekwe hospitali ya wilaya akapimwe macho, usisubiri muhula uishe. Nimewahi kuwa na kijana ambaye kwa mwaka mzima alionekana mzembe, alipopata miwani alichora vizuri wiki ileile, na mpaka leo naumia nikiukumbuka ule mwaka. Anayetetemeka mkono hata akishika kikombe au akiandika jina lake huyo naye aonwe na daktari, hiyo sio habari ya mazoezi. Na wewe mwenyewe kama una mashaka na mkono wako ubaoni usikae nayo peke yako, ukiwa jirani na shule kongwe za ufundi kama Ifunda, Moshi au Tanga, au hata chuo cha VETA kilicho karibu, omba kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mwenye uzoefu siku mbili, afu umwombe naye aje akae kwenye la kwako. Vitu vingine mtu lazima akuone unavyoshika chaki.

Wale wasichana wawili waombe wasihame kabla ya wiki nne. Wape sabuni yenye ngazi, sio ile ya mteremko, wakae kikundi kimoja, na skechi zao za siku ya kwanza zitunze wewe kwenye faili. Wiki ya nne ikifika waweke mezani ya kwanza na ya mwisho, wazitazame wenyewe kabla wewe hujasema neno, afu ndo uwaulize kama bado wanataka kuondoka.